Waya Niliyoikata Kabla Haji Hajaiona

Watu wakiona gari inazima yenyewe halafu inawaka yenyewe, wanasema ni shetani, ama wanasema ni dereva. Hakuna anayesema ni waya. Mimi nilisema ni waya, na nilisema kweli, na ukweli wangu haukumsaidia mtu.

Ilikuwa miaka ya Imajensi, serikali ya wazungu ikipigana na watu wa msituni. Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Nairobi, lakini wakati huo nilikuwa nalala Ziwani, chumba cha dereva mmoja niliyekuwa namwita kaka. Hatukuzaliwa tumbo moja. Yeye alikuwa Mkikuyu aliyesilimu zamani, mimi nikiwa bado natembea bila suruali. Alinichukua siku nilipofukuzwa gereji kwa sababu ya mdomo. Nilimwambia fundi mkuu mbele ya mteja kwamba hajui anachofanya. Na alikuwa hajui kweli. Kaka akanikuta nje ya geti nimebeba jaketi yangu begani, bado natukana. Akasema, "Maliza kutukana, tukale." Tangu siku hiyo hakuniuliza hata mara moja nitaondoka lini kwake. Kwa hivyo mtu akimgusa kaka alikuwa amenigusa mimi machoni, na hilo Majengo nzima walilijua.

Kaka alikuwa anaendesha pikapu ya Haji. Haji ana duka la jumla Majengo, mama yake mtu wa Lamu, baba yake wa bara, anauza unga, sukari, mchele, mafuta ya taa. Wenye viduka vya Ziwani, Kaloleni, Shauri Moyo, wote walikuwa wanachukua kwake, na pikapu ndiyo iliyokuwa inawapelekea. Gari yenyewe ilikuwa mzee. Ilikaa kwanza na mzungu wa shamba, ikakaa na serikali, ndipo Haji akaipata. Mlango wa kushoto ulikuwa unafungwa na mshipi wa ngozi. Breki zake zilikuwa za kuombea dua. Lakini kaka aliijua kama mtu anavyomjua mke wake, na miaka tisa hakuwahi kugonga nayo hata kuku.

Ugonjwa ulianza mvua zilipoisha. Kaka anatoka dukani na magunia, anashuka kwenda daraja la mto, na pale pale kabla ya daraja injini inakata. Haikohoi, haitetemeki. Inakata kama mtu amezima swichi. Gari inasimama. Kaka anashuka, anafungua boneti, anatazama, hakuna kitu. Anarudi ndani, anapiga stata, inawaka kama hakuna lililotokea. Kesho inapita vizuri. Keshokutwa tena, mahali pale pale.

Mwaka mwingine wowote hiyo ingekuwa habari ya fundi tu. Lakini mwaka ule, Mkikuyu kusimamisha gari ya unga kando ya mto, penye matete marefu, mara tatu kwa wiki, halafu kuondoka tena! Majoni, wale wanajeshi wa kizungu, na askari walikuwa wanazunguka Majengo asubuhi na jioni wakitafuta watu waliokula kiapo cha msituni na wanaopelekea chakula walioko huko. Haji alikuwa na mpwa wake, kijana wa rika langu, viatu vya ncha kali, aliyejifunza kuendesha Jumapili kwa Jumapili na akawa anautaka ule usukani mpaka unamtoa mate. Huyo ndiye aliyemwambia mjomba wake: "Mbona mimi hainizimii? Naiendesha kila Jumapili, haijanizimia hata siku moja. Mjomba, hiyo gari haisimami. Inasimamishwa."

Haji hakumfukuza kaka. Alifanya kitu kibaya zaidi, alinyamaza. Na pasibuku ya kaka ilikuwa mezani kwake inangoja sahihi. Watu wa kabila lake hawakuwa na ruhusa kukaa Nairobi bila ile pasibuku, na pasibuku haikuwa kitu bila sahihi ya mwajiri. Ilikuwa ikaguliwe Jumatatu. Haji akamwambia kaka, "Alhamisi nitapanda mwenyewe, na mzigo. Ikisimama mbele ya macho yangu, natia sahihi, na yeyote atakayeniuliza nitamjibu. Isiposimama, wewe mwenyewe niambie nitasema nini."

Hayo yote nilikuja kuyajua nikiwa nimechelewa. Kaka hakuniambia. Aliogopa mdomo wangu, aliogopa nitaenda dukani nimvunje mpwa wa Haji meno, na hapo alikuwa hajakosea. Mimi aliniambia maneno mawili tu: "Gari inazima. Itazame."

Nikaitazama siku tatu. Umeme hakuna mtu alinifundisha. Kule gereji walikuwa wananiachia spana, lakini wakifungua mambo ya umeme wananituma nikalete chai. Nilijifunza na betri za tochi zilizotupwa, na waya nilizookota kwenye takataka za jeshi, na kuungua vidole. Ndiyo maana nilikuwa na kiburi nacho. Kitu umefundishwa ni cha mwalimu. Kitu umekiiba mwenyewe ni chako.

Siku ya kwanza nikasafisha vichwa vya betri, vilikuwa na chumvi nyeupe kama jibini. Nikamwambia kaka, "Imekwisha hiyo, nenda." Akaenda, ikazima. Siku ya pili nikafungua distributa, nikapiga msasa pointi, nikabadilisha kondensa. "Sasa nikatwe kichwa ikizima." Ikazima.

Jioni tukiwa tunakula, kaka akasema, "Bado una kichwa?"

"Nicheke tu. Hebu niambie kitu kimoja. Ikizima, honi inalia?"

"Inalia."

"Taa?"

"Nilijaribu jana. Zinawaka."

"Basi betri haina makosa. Na mpwa wa Haji haimzimii kwa nini?"

Kaka akaacha kutafuna, akanitazama. "Nani amekwambia haimzimii?"

"Anajigamba kila mahali. Jumapili anapakia wasichana, anashuka daraja kama mwenda wazimu."

"Anashuka fri," kaka akasema. "Anatoa gia, anaiachilia. Mimi nashuka na namba mbili. Na magunia ishirini nyuma na breki zile, nikiiachilia fri nitawaua wanaofua mtoni."

Nikasimama na tonge mkononi. Mzigo na namba mbili! Gari ikishuka na mzigo katika gia, magurudumu ndiyo yanasukuma injini, na injini ile raba zake za kukalia zilikuwa zimekufa, kwa hivyo inalala upande. Ikilala, kuna kitu inakivuta. Ikisimama, inarudi mahali pake, kile kitu kinagusana tena. Kumbe gari ilikuwa inamwadhibu mtu kwa kuendesha vizuri.

Jumatano tukapakia magunia kwa ajili ya Ziwani. Mimi nilichukua balbu ya taa ya nyuma, nikaifunga waya mbili ndefu. Moja nikaifunga kwenye koili, pale umeme unapoingia kutoka swichi, nyingine kwenye chuma cha gari, halafu nikaipitisha dirishani nikaiweka balbu mapajani. Ikiwa injini itazima na balbu bado inawaka, ugonjwa uko mbele, kwenye koili na distributa. Balbu ikizima pamoja na injini, umeme umekatika kabla haujafika. Ujanja huu niliutoa kichwani mwangu. Labda kuna mzungu ameuandika mahali, sijui, mimi sikumsoma.

Tukashuka. Balbu inawaka mapajani, nyekundu kidogo mchana ule. Kaka akaweka namba mbili, gari ikanguruma, na karibu na daraja balbu ikafa. Haikufifia, ilikufa, na injini pamoja nayo. Nilipiga kelele mpaka wanawake waliokuwa wanafua wakainua vichwa. "Nimekushika, mwana haramu!"

Mmoja akaita, "Fundi, unamtukana nani? Dereva wako amekaa kimya!"

"Natukana waya, mama!"

"Haya, ikikujibu tuite tusikie!"

Kaka akavuta breki ya mkono. Gari iliposimama na injini ikarudi mahali pake, balbu ikawaka yenyewe. Kaka akaitazama muda mrefu. Nilidhani amefurahi kama mimi. Akasema, "Adhuhuri imeingia, naenda kuswali pale juu. Usiguse mpaka nirudi."

Hayo maneno aliyasema. Sitajidanganya kwamba hakuyasema. Lakini mimi niliyasikia kama mtu anavyomwambia mtoto asiguse sufuria. Nani amwambie fundi asiguse? Alipopanda kilima nikaingia chini ya boneti. Nikaifuata waya ya koili kidole kwa kidole kutoka pale inapotokea kwenye ukuta wa injini. Nje ilikuwa nzima, nguo yake haijachanika hata kidogo. Lakini kama shubiri moja kabla ya koili, pakawa palegevu. Mahali pengine waya inakataa kidogo ukiikunja. Pale ilikunjika kama uzi. Nyuzi za shaba ndani zilikuwa zimekatika zote, zinagusana ncha kwa ncha tu. Ukivuta kidogo zinaachana, ukiachilia zinabusiana.

Nikatoa koleo nikaikata. Kipande kama urefu wa kidole gumba, pamoja na ugonjwa wake wote, nikakitupa mtoni kwa nguvu zangu zote. Mahali pake nikaunga waya mpya, ndefu ya kutosha, nikafunga tepu. Nikapiga stata, ikawaka. Nikakaa juu ya madigadi ya gari naning'iniza miguu, nangoja sifa.

Kaka akarudi, miguu bado ina maji ya udhu.

"Nimeipata," nikamwambia. "Imekwisha. Mwambie Haji hata akipakia mawe."

"Umeifanya nini?"

"Nimeikata, nimeunga mpya."

"Kipande kiko wapi?"

"Nimetupa huko."

Kaka akakaa kwenye kibao cha kupandia gari. Ndipo akaniambia yote, habari ya mpwa, pasibuku, Alhamisi. Alisema polepole bila kupandisha sauti, na mimi nikaona ni afadhali angenipiga spana ya kichwa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikapiga kelele. "Kwa nini? Mimi ni nani kwako?"

"Ningekwambia ungeenda kupigana."

"Si ningepigana! Afadhali kupigana!"

Nikavua viatu nikaingia matopeni. Nilitafuta kile kipande kwa mikono kati ya makopo na matambara na mifupa mpaka wale wanawake wakaniambia nimepatwa na wazimu, halafu mmoja akafunga kanga akaingia kunisaidia. Yeye ndiye aliyekiona, kimenasa kwenye tete. Nikambusu mkono, akanisukuma akicheka.

Nikakirudisha kwenye gari. Usidhani sikuwaza hilo. Nikatoa waya mpya, nikaunga kile kipande huku na huku kama kilivyokuwa, tukapanda juu, tukashuka na namba mbili. Haikuzima. Mara ya pili, haikuzima. Nikafungua boneti nikaona kwa nini. Waya ya zamani ilikuwa imebana, inavutwa kila injini ikilala. Sasa nilikuwa nimeunganisha na vipande vya pembeni, imekuwa ndefu kidogo, imelegea, injini inalala inaamka haiivuti. Nikijaribu kuipunguza, ncha zinachomoka mkononi. Ule ugonjwa ulikuwa umekaa mahali pake kama ndege kwenye kiota, na mimi nilikuwa nimekibomoa kiota.

"Basi sikiliza," nikamwambia kaka. "Kesho nitakaa nyuma juu ya magunia. Nafunga kamba nyembamba kwenye waya ya koili, naipitisha chini. Tukifika darajani navuta. Inazima. Haji anaona. Kwisha."

"Hapana."

"Si uongo! Ilikuwa inazima kweli! Wewe unajua, mimi najua!"

"Mimi najua. Ndiyo maana siwezi kumwigizia."

"Kaka, watakupeleka kizuizini!"

"Nimesema hapana. Na ukifanya bila kuniambia, nitamwambia Haji mimi mwenyewe, pale pale."

Angefanya. Ndivyo alivyokuwa. Nimemkasirikia kwa mambo mengi, lakini kwa hilo nimemkasirikia kuliko yote, na sijui kama ni haki yangu.

Alhamisi Haji akapanda mbele na kanzu yake nyeupe na kofia, miwani mfukoni. Mimi na mpwa wake nyuma juu ya magunia, tumetazamana kama majogoo. Nikawa naiombea gari izime. Fundi mzima naomba gari izime! Tukashuka na namba mbili, nikasikia injini inalala upande wake, nikafumba macho. Tukavuka daraja.

Haji akatoa kichwa dirishani. "Rudi tena."

Tukarudi. Tukavuka tena. Mara ya tatu wale wanawake wa mtoni wakaanza kucheka. "Haji! Mmepotea njia? Duka liko huku!"

Mpwa wake akanipiga begani. "Fundi mkubwa. Hata shetani wako leo amekwenda likizo."

Tuliporudi uani kwa duka nikamwambia Haji, "Mzee, haikuzima kwa sababu nimeiharibu mimi. Nimeitengeneza. Nipe nafasi moja nikuonyeshe."

"Nionyeshe," akasema Haji. Hiyo nafasi alinipa. Sitaki kumnyima haki yake.

Nikatoa kile kipande. Nikashusha betri chini, nikaunga balbu, waya ya betri huku, kipande katikati. "Tazama, Haji. Nje kizima, ndani kimekatika. Tazama taa."

Taa ikawaka.

"Ngoja. Sasa naikunja." Nikaikunja kidogo. Ikawaka tu. Nikaivuta. Ikazima! Lakini dakika ileile mtu akaita dukani, "Hodi, sukari!" na Haji akageuza kichwa kumjibu. Aliporudisha macho taa ilikuwa imewaka tena.

"Umeona?"

"Nimeona taa inawaka," Haji akasema.

"Ilizima! Sasa hivi! Kaka, si ilizima?"

"Ilizima," kaka akasema.

Mpwa akacheka. "Atasema nini kingine? Huyu fundi ndiye anaichezesha na vidole, mjomba. Hata mimi naweza kuzima taa kwa vidole."

Nikaivuta, inawaka. Nikaizungusha, inawaka. Siku tatu ilikuwa inazima kwa kunikomoa, na sasa inawaka kama taa ya msikiti. Na huyu kijana akaendelea kucheka, akasema, "Labda inataka magunia." Damu ikanipanda kichwani. Nikaikamata ile waya kwa mikono miwili nikaikunja nikaivuta kwa hasira mpaka nguo yake ikachanika ikatoka vipande viwili. Taa ikazima.

"Hiyo!" nikapiga kelele. "Hiyo, tazama!"

Haji akaokota vile vipande viwili. Akavaa miwani. Nyuzi za shaba zilikuwa zinang'aa mahali zilipokatika, na nani sasa angejua zipi zilikatika mwezi uliopita na zipi nimezikata mimi mbele yake? "Kijana," akasema, "hii umeivunja wewe. Nimekuona."

Haji akamgeukia kaka. Nataka kuamini alikuwa anamtafutia njia. Akasema, "Mimi na wewe tumeswali safu moja miaka tisa. Ingia ndani. Msahafu uko pale. Apa tu kwamba gari ilikuwa inazima yenyewe. Mimi nitaridhika."

Majengo, hiyo ndiyo njia ya kumaliza maneno. Mfanyabiashara na mteja, mume na mkewe, jirani na jirani, mtu akiapa kwa msahafu hakuna anayeongeza neno. Nikamwambia kaka, "Apa! Apa tuende zetu!"

Kaka akanitazama kama nimelewa. Halafu akamwambia Haji kwa sauti ya chini, "Haji, mtu wa kwetu mwaka huu haapi."

"Hiki si kiapo cha msituni. Hiki ni kitabu cha Mungu."

"Wewe unajua. Mimi najua. Jumatatu wakiniuliza, umewahi kuapa? Nitasema nini? Nikisema hapana nimemdanganya Mungu niliyeapa kwake. Nikisema ndiyo, wataniuliza nyumba ya nani, na nani alikuwepo." Akatutazama mmoja mmoja. "Mlikuwepo ninyi. Nyumba ni yako."

Haji akavua miwani. Hata yule mpwa aliacha kucheka. Haji akaingia dukani akamuuzia yule mtu sukari yake, na hakutoka tena.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda dukani peke yangu. Nilikuwa nimejaa maneno, na nilianza kuyatoa kabla sijavuka kizingiti. Nilimwita mambo ambayo mtu wa umri wangu hamwiti mtu wa umri wake. Waliokuwa wananunua wakatoka. Haji akaniacha mpaka pumzi ikaniishia.

"Kaa chini, mwanangu."

"Sikai. Na mimi si mwanao."

"Basi simama. Nikwambie kitu, na ukitoka nacho nje nitakikana." Alikuwa ameshika kikombe cha mizani, anakigeuza geuza. "Taa yako hata ingezima mara mia, nisingetia sahihi. Duka la mwenzangu limefungwa kwa sababu ya kumdhamini mtu. Nilipanda gari ile Alhamisi naomba isisimame. Kila tulipokaribia daraja naomba. Ingesimama ningefanya nini?"

Nadhani alidhani ananipunguzia mzigo. Na watu wengine niliowaeleza wamesema hivyohivyo: umesikia mwenyewe, haikuwa waya, lala usingizi. Mimi sikubali. Mtu anaweza kuomba isisimame, ikasimama, na aibu ikamshika mkono akatia sahihi. Haji si mtu mbaya wa kutosha kuvunja ahadi yake mbele ya kaka. Hiyo aibu ndiyo niliyomnyima. Nilimtengenezea gari, nikampa njia ya kutokea.

Jumatatu asubuhi askari wakamchukua kaka, pasibuku yake haina sahihi, pamoja na wengine wengi. Waliwakalisha chini uwanjani, ndani ya seng'enge, wamepangwa mistari, na sisi tulio na watu wetu tukasimama nje. Nilimwona mstari wa tatu. Amevaa koti lake la kazi. Aliponiona akainuka kidogo, magoti bado yamekunjwa.

"Springi ya nyuma kushoto!" akaita.

"Nini?"

"Springi! Jani moja limepasuka. Nilikuwa nangoja nimwambie Haji. Mwambie yule kijana asijaze upande ule, gari itamlalia kwenye kona."

Askari akamwambia, "We! Chini!"

"Umesikia?" kaka akaniuliza mimi, si askari.

"Nimesikia."

Akakaa. Malori yalipoondoka sikumwona amekaa upande gani. Mchana huohuo karani wa manispaa akaja Ziwani kuchukua ufunguo wa chumba, kwa sababu chumba kilikuwa cha mtu mwenye kazi, na mwenye kazi hayupo. Nikabeba godoro langu na sufuria zake mbili kurudi Majengo.

Nilipita mbele ya duka la Haji. Yule mpwa alikuwa nyuma ya pikapu, amekunja mikono ya shati, anapanga magunia, na alikuwa anaanza upande wa kushoto. Akaniona. Akasimama na gunia begani, kama mtu anayengoja kutukanwa.

Sikumtukana. Sikumwambia kitu. Nikapita na sufuria zangu.